Astrofizikia kwa mwenye PCM na milioni 9 kwa mwaka: uchambuzi wa kisa kimoja

Binti wa miaka 19, Mtanzania, amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM: Fizikia A, Hesabu B, Kemia C. Anataka astrofizikia, na amechoka kuambiwa asome uhandisi kwanza. Baba ni mwalimu wa sekondari, mama ana duka la vifaa vya shule. Wakijibana wanaweza kutoa shilingi milioni 9 kwa mwaka bila kugusa kiwanja. Matokeo yametoka Julai, na mezani pana majina manne: fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shahada ya astronomia na astrofizikia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Cape Town, na Swarthmore, chuo kidogo cha Marekani karibu na Philadelphia.

Kisa hiki tumekijenga kwa kuunganisha hali zinazojirudia kwa wanafunzi wengi, kwa hiyo usimtafute binti huyu. Vikwazo vilivyomo ndivyo atakavyokutana navyo kila mwenye hali kama yake.

Baba ana swali moja tu: "Mwanangu, ukimaliza hapo unakuwa nani?" Wengi hulichukulia swali hili kuwa la kukatisha tamaa, ila ndilo linaloamua jambo zima. Jibu la kweli ni kwamba akimaliza shahada ya kwanza, popote pale, bado hajawa mwanaastrofizikia. Kazi ya utafiti wa nyota na galaksi huanzia kwenye uzamivu. Shahada ya kwanza inampa fizikia, hesabu na uwezo wa kupokelewa hatua inayofuata. Kwa hiyo anayechagua chuo kwa kutazama neno "astrofizikia" kwenye cheti anatazama pasipo na uzito. Inabidi apime njia ya miaka mitano au sita, kisha arudi nyuma aone ni mlango gani wa kuingilia anaoumudu.

Kinachotakiwa ndani ya shahada

Kabla ya kulinganisha vyuo, mwanafunzi afungue orodha ya masomo ya mwaka wa tatu ya kila chuo. Mwaka wa kwanza unafanana karibu kila mahali: mekanika, umeme, kalkulasi, maabara. Tofauti hujitokeza mwaka wa pili na wa tatu. Humo lazima iwepo mekanika ya kwanta, ikiwezekana mihula miwili. Nadharia ya umeme-sumaku mpaka milinganyo ya Maxwell na mawimbi. Thamodinamiki na fizikia ya takwimu. Mbinu za hesabu kwa wanafizikia. Na angalau somo moja la kukokotoa kwa kompyuta. Upande wa hesabu, milinganyo tofautishi na aljebra ya mstari havina mbadala.

Kikikosekana kimoja kati ya hivi, chuo cha uzamili kitamrudisha nyuma au kitamkataa. Lakini somo la nyota likikosekana, hakuna atakayemkataa. Anayejua kwanta na fizikia ya takwimu hujifunza muundo wa nyota ndani ya muhula mmoja, kwa sababu mwanga wa nyota, joto lake na muda wake wa kuishi ni matokeo ya masomo hayo hayo. Aliyepita njia ya kinyume, akajua majina ya makundi ya nyota bila kwanta, hukwama.

Mtego mwingine ni masomo yaliyoandikwa kwenye mwongozo ambayo hayafundishwi kila mwaka. Idara yenye wahadhiri wachache huweza kulitoa somo la kuchagua mwaka mmoja na kuliruka mwaka unaofuata. Dawa yake ni kuomba ratiba ya muhula uliopita, maana mwongozo hausemi jambo hilo. Ratiba inaonyesha kilichofundishwa kweli, saa ngapi, na nani.

Na darubini? Picha ya kuba jeupe juu ya paa la chuo huvuta macho, lakini ulizeni nani anaishika na mara ngapi. Swarthmore ina darubini ya sentimita 61 juu ya jengo la sayansi, na imetumika kufuatilia sayari za nje ya mfumo wa Jua. Hiyo ina maana, kwa sababu kazi inayofanyika hapo ni ya utafiti. Darubini inayofunguliwa siku ya maonyesho tu haipaswi kuongeza hata alama moja kwenye ulinganisho.

Cape Town: mlango mzuri, ada ya kutisha

Tuanze na jina linalomvuta zaidi binti wetu, na si bure. Cape Town ina Idara ya Astronomia inayojitegemea. Ofisi kuu za kituo cha taifa cha falaki cha Afrika Kusini zimo ndani ya jiji hilo, kwenye eneo la uangalizi lililoanzishwa mwaka 1820. Kilomita 370 hivi kutoka hapo, Sutherland katika jimbo la Northern Cape, ndiko iliko SALT, darubini iliyozinduliwa mwaka 2005 yenye kioo kilichoungwa kwa vipande 91 vya pembe sita, upana wake ukifika mita 11. Jimbo hilo hilo lina MeerKAT, madishi 64 ya redio yaliyozinduliwa mwaka 2018, ambayo yanaingizwa katika SKA, mradi mkubwa wa kimataifa wa darubini za redio. Mwanafunzi wa hapo huwakuta wanaotumia vifaa hivi kwenye korido.

Sasa fedha, na hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Tanzania ni mwanachama wa SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika. Kwa itifaki ya elimu ya SADC ya mwaka 1997, mwanafunzi kutoka nchi mwanachama anatendewa kama mwenyeji upande wa ada ya masomo, na Cape Town inafuata utaratibu huo. Mkenya, Mganda na Mrwanda hawamo. Mkongomani yumo.

Hata hivyo, ada ya mwenyeji haimaanishi ada ndogo. Ukijumlisha masomo, bweni na chakula unavuka randi 150,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha shilingi 140 kwa randi hiyo ni milioni 21, na bado hujaweka bima ya afya iliyosajiliwa Afrika Kusini, ambayo viza inaidai, wala nauli. Tena mwanafunzi wa kigeni hudaiwa ada yote kabla ya kusajiliwa, kwa hiyo habari ya kulipa kidogo kidogo kama alivyozoea baba haipo. Familia ina milioni 9. Pengo ni zaidi ya milioni 12 kila mwaka kwa miaka mitatu.

Wengine husema aende, ufadhili atautafutia huko huko. Tunapinga kwa nguvu. Ufadhili mkubwa unaojulikana wa upande huu, ule wa taasisi ya redio-astronomia ya Afrika Kusini, huelekezwa kwa raia wa Afrika Kusini na wa nchi shirika za SKA barani: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Tanzania haimo. Mtanzania ana nafuu ya ada ila hana mlango wa ufadhili huo. Mkenya ana mlango wa ufadhili ila hana nafuu ya ada. Mwanafunzi anayepanda basi bila kulijua hili hurudi nyumbani mwaka wa pili akiwa na deni na bila shahada.

Kalenda pia inabana. Maombi ya shahada ya kwanza Cape Town hufungwa 31 Julai kwa masomo yanayoanza Februari. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka Julai hiyo hiyo, anabaki na wiki chache, wakati mwingine siku. Asingoje matokeo: maombi yafunguliwe Aprili au Mei akiwa bado shuleni, yakamilishwe matokeo yakitoka. Na majina yafanane. Cheti cha kuzaliwa kikiwa na majina mawili, cha NECTA matatu, na pasipoti herufi moja tofauti, kila ofisi itamsimamisha. Hati ya kiapo ya majina iandaliwe mapema kwa wakili, kabla ya pasipoti.

Swarthmore na mtego wa kujiandikisha

Vyuo vidogo vya Marekani visivyo na wanafunzi wa uzamivu vina sifa moja kubwa: kazi za utafiti ambazo kwingine hupewa wa uzamivu, hapo hupewa wa shahada ya kwanza. Swarthmore inatoa mikondo miwili, astronomia na astrofizikia, na huu wa pili ndio uliosheheni fizikia. Kwa anayelenga uzamivu, achague huo.

Gharama kamili za vyuo binafsi vya aina hii zimevuka dola 80,000 kwa mwaka. Namba hiyo isimtishe mtu peke yake, kwa kuwa vipo vyuo vinavyolipa pengo lote la familia kwa kila aliyepokelewa. Swali la kuuliza ni kama chuo kinaangalia uwezo wa kifedha wa mwombaji wa kigeni wakati wa kuamua kumpokea. Vichache havitazami kabisa: Harvard, MIT, Yale, Princeton, Dartmouth, Amherst na Bowdoin ni miongoni mwao. Vingi, Swarthmore ikiwemo, hutazama; ukipokelewa wanakulipia, lakini kuomba fedha kunapunguza nafasi yako ya kupokelewa. Kwa binti huyu, Amherst ingestahili kuwa juu ya Swarthmore kwenye orodha, kwani inashirikiana na vyuo jirani kufundisha astronomia, ukiwemo Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichoshiriki kujenga darubini ya redio ya mita 50 kule Mexico.

Kizuizi kingine hugundulika mwaka wa pili, wakati umechelewa. Programu za utafiti za kiangazi zinazolipwa na mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani, zile ambazo wanafunzi wa Kimarekani huzijaza kwenye wasifu wao, hupokea raia na wakazi wa kudumu tu. Mgeni anategemea fedha za chuo chake mwenyewe. Kwa hiyo aulize idara moja kwa moja: kiangazi kilichopita mliwalipa wanafunzi wangapi wa kigeni, na kwa fedha za nani? Idara inayojibu kwa namba ina mpango. Idara inayojibu kwa maneno matamu haina.

Kisha kuna mtego wa kujiandikisha. Maombi ya vyuo hivi hufungwa mwanzoni mwa Januari, majibu huja mwishoni mwa Machi, safari ni Agosti. Binti amemaliza Mei, kwa hiyo Marekani kwake ni zaidi ya mwaka mzima wa kukaa nyumbani. Shauri la haraka la ndugu ni aanze chuo Dar huku akiomba. Lakini akishasajiliwa katika shahada, vyuo vingi humhesabu kuwa mwanafunzi anayehama, na fedha kwa wageni wanaohama ni chache mno kulinganisha na wanaoanza. Atakuwa ameufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Ama anakaa mwaka mmoja na kuomba kwa makini, ama anaingia chuo na kuachana na Marekani mpaka ngazi ya uzamili. Na kwa sababu masharti ya viza ya Marekani kwa nchi moja moja hubadilika kwa tangazo la siku moja, ubalozi uulizwe kabla ya kulipa chochote.

Nairobi

Nairobi ina shahada ya miaka minne yenye jina analolitaka, na iko karibu. Inastahili heshima kwa kuwa vyuo vyenye shahada ya aina hiyo katika ukanda wetu ni vichache sana. Kwa Mkenya tungeipa nafasi ya juu, hasa kwa kuwa nchi yake imo katika SKA. Kwa Mtanzania huyu, mambo mawili yanaipunguzia uzito. La kwanza ni kwamba asitegemee mkopo wa Bodi kwa shahada aliyojipeleka mwenyewe nje, na ada ya Mwanajumuiya ya Afrika Mashariki inabidi athibitishiwe na chuo kwa maandishi, si kwa simu. La pili ni ajira ya akiba: matangazo ya kazi serikalini hapa nyumbani hutaja shahada kwa majina. Penye neno "fizikia" kwenye tangazo, mwenye cheti kilichoandikwa kitu kingine huanza kwa kujieleza.

Dar es Salaam kama hatua ya kwanza

Ushauri wetu kwa familia hii ni fizikia Dar es Salaam, kwa mpango wa kuvuka kwenda Cape Town baada ya miaka mitatu. Tunausema kwa moyo mweupe, tukijua binti alitaka jina jingine.

Ada ya masomo ya sayansi katika chuo cha umma ni kati ya shilingi milioni moja na mbili kwa mwaka. Akipata mkopo wa Bodi na bumu lake, sehemu kubwa ya milioni 9 inabaki, na hiyo ndiyo akiba ya miaka ya baadaye. Wakitenga milioni 5 kila mwaka, mwisho wa mwaka wa tatu wana milioni 15 mkononi.

Mlango wa kuvukia una jina: NASSP, programu ya taifa ya astrofizikia na sayansi ya anga ya Afrika Kusini. Ilianza mwaka 2003, makao yake yakiwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Inachukua wahitimu wa fizikia na hesabu, inawapa mwaka mmoja wa honasi kisha uzamili, na imepokea Waafrika kutoka nchi nyingi. Kwa mfumo wa Afrika Kusini shahada ni miaka mitatu na honasi ni mwaka wa nne wa kubobea. Hakuna uzamili bila honasi. Shahada ya Dar ni ya miaka mitatu pia, kwa hiyo honasi inaungana nayo bila kupoteza mwaka. Mhitimu wa Dar na mhitimu wa Cape Town hukutana darasa moja mwaka wa nne, mmoja akiwa ametumia zaidi ya milioni 60 na mwingine sehemu ndogo ya hizo.

Njia hii ina sharti zito: alama. Vyuo vyetu hutumia GPA ya 5. Daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5. Chini ya 3.5 asahau. Kinachowaangusha wengi ni muhula wa kwanza, kwa sababu wanafika wamelewa furaha ya chuo, wanapata C mbili za hesabu, na GPA inakokota mzigo huo mpaka mwisho. Muhula huo aingie kama anaingia mtihani wa taifa.

Masomo ya kuchagua yote yaende kwenye hesabu na kompyuta. Marafiki watamwambia achague mepesi kulinda GPA. Hapo asiwasikilize: kamati ya honasi husoma transkripti mstari kwa mstari.

Kuhusu fomu ya maombi ya chuo, programu zenye neno fizikia ni zaidi ya moja, na ile ya ualimu ina masomo ya ufundishaji yanayokula nafasi ya kwanta. Asome msimbo wa programu mara mbili kabla ya kuthibitisha. Na ndugu zake walioko kidato cha nne wajue kuwa mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) wenye BAM, ile hesabu ya msingi, hauwafikishi hapa; hesabu ya BAM haitoshi.

Kazi ya likizo ya mwaka wa pili

Kinachokosekana Dar ni utafiti wa nyota, na hilo anaweza kulijazia mwenyewe, kwani data za darubini kubwa ziko wazi. Setilaiti ya Gaia imepima nyota zaidi ya bilioni 1.8, na mtu yeyote anaweza kuzipakua. Tupendekeze zoezi moja kamili la wiki nne, kwa laptopu ya kawaida yenye kumbukumbu ya GB 8 na lugha ya programu ya Python.

Achukue vipimo vya mwanga wa nyota WASP-18 vilivyopigwa na setilaiti ya TESS. Mzunguko mmoja wa uangalizi ni siku 27, kipimo kila dakika 2, faili ni MB chache tu, kwa hiyo hata bando la wiki linatosha. Nyota hii ina sayari kubwa inayoizunguka kwa siku 0.94, na kila inapopita mbele, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 1. Kipeuo cha pili cha 0.01 ni 0.1: kipenyo cha sayari ni sehemu ya kumi ya kile cha nyota. Kutoka kwenye kibonde kidogo kwenye grafu, binti aliyeko Dar anapima ukubwa wa dunia nyingine.

Linaloharibika mara nyingi ni hatua ya kunyoosha mstari. Lightkurve, maktaba ya Python ya kuchambua vipimo hivi, ina amri ya kuondoa mawimbi ya polepole ya nyota, na dirisha lake la kawaida, yaani idadi ya vipimo vinavyotazamwa kwa pamoja, ni pointi 101. Kwa kipimo cha dakika 2 hiyo ni saa 3 na dakika 22. Mpito wa sayari hii huchukua saa 2 na kidogo, kwa hiyo dirisha linadhani kibonde ni wimbi la nyota na kukila. Mwanafunzi anapata grafu safi yenye kina cha uongo, sayari yake inasinyaa, na hajui kwa nini. Aongeze dirisha hadi pointi 301 au zaidi, au auzibe mpito kabla ya kunyoosha, kisha alinganishe grafu mbili. Aandike kurasa nne: alichofanya, kina alichopata kwa kila dirisha, na kwa nini vinatofautiana.

Kurasa hizo nne azipeleke kwa mhadhiri wa idara yake mwanzoni mwa mwaka wa tatu, akiomba mradi wa mwisho uendelee kutoka hapo. Mhadhiri huyo ndiye atakayemwandikia barua ya NASSP, na atakuwa na la kuandika kuliko "ni mwanafunzi mwenye nidhamu". Barua ziombwe wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho, pamoja na transkripti ya muda, kwa sababu hati halisi huchelewa kutoka.

Baba aliuliza atakuwa nani. Baada ya miaka mitatu atakuwa mhitimu wa fizikia anayejua kukokotoa, mwenye milioni 15 benki na maombi ya honasi yaliyotumwa. Honasi ikikataliwa mara ya kwanza, mamlaka ya hali ya hewa, tume ya nguvu za atomiki, benki na shule za sekondari zote zina kazi zinazomhusu, na maombi hufunguliwa tena mwaka unaofuata.